Video ya kumtumia kocha wa chuo, fanya hivi

Kocha wa futiboli ya Kimarekani ya chuo kule Marekani anatumiwa video kibao na vijana wanaotaka awachukue kwenye timu yake, kwa hiyo achana na mbwembwe za muziki na jina lako kuzungukazunguka kwenye skrini, anza na tukio lako kali kuliko yote maana akiboreka tu anafunga hapohapo. Dakika tatu zinatosha kabisa. Kabla mpira haujachezwa simamisha picha sekunde moja hivi uweke mshale juu yako, la sivyo atakujuaje kati ya watu 22 waliovaa helmeti? Na kama unacheza ulinzi usijaze kuangusha watu tu, onyesha hatua yako ya kwanza na unavyousoma mchezo, hayo ndo macho ya kocha yanapoenda. Linki ya mechi nzima nayo weka.

Imeili andika mwenyewe, sio mama: nafasi unayocheza, urefu, uzito, mwaka unaomaliza sekondari, GPA (wastani wa alama zako shuleni). Shule usiichezee, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwenye Divisheni I, ngazi yao ya juu, wanataka kozi 16 za msingi za sekondari na GPA isiyopungua 2.3 kwenye kozi hizo. Vyuo vya Divisheni III, ngazi nyingine ya NCAA, havitoi skolashipu ya michezo, kwa hiyo ulizia mapema misaada yao mingine ya kulipia masomo.