Kompyuta Isiyowaka Baada ya Radi: Anzia Ukutani

Katika miji inayolizunguka Ziwa Victoria, kama Bukoba, Mwanza na Kisumu, ambako radi ni jambo la kawaida misimu ya mvua, kompyuta ya mezani iliyozimika usiku wa ngurumo na kukataa kuwaka asubuhi yake mara nyingi haijafa yote. Umeme uliozidi kiwango huingia kwa njia ya waya, na kinachokutana nao mwanzo ndicho huumia mwanzo. Kwa hiyo ukaguzi ufuate njia hiyohiyo, kutoka ukutani kuelekea ndani. Fundi anayetaka kukuuzia bodi mpya, yaani ile sahani kuu inayobeba vipuri vya ndani, kabla hajapima pawa saplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, mwombe apime kwanza.

Subiri ngurumo ziishe kabisa, kisha chomoa kila waya, ukiwemo wa intaneti unaotoka kwenye ruta. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile ili uhakikishe kwamba umeme upo. Ikiwa ulikuwa unatumia ekstensheni, iweke kando, hata kama ina kinga, kwa sababu huenda kinga hiyo ndiyo iliyojitoa mhanga. Azima waya wa umeme wa skrini, ambao aghalabu hufanana na wa kompyuta. Kompyuta ikiwaka, kosa ni la waya wa kwanza au fyuzi iliyo ndani ya plagi yake. Fyuzi hizo ni za kauri, hivyo kuungua kwake hakuonekani kwa macho. Weka nyingine yenye ampea zilezile, wala usizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, desturi ambayo bado naikuta katika nyumba za watu wenye akili timamu.

Hatua inayofuata haigharimu chochote, na imefufua kompyuta nyingi zilizokwisha kukatiwa tamaa. Pawa saplai nyingi hujifunga zenyewe zinapohisi umeme usio wa kawaida. Waya ukiwa umechomolewa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, acha dakika kumi, kisha chomeka moja kwa moja ukutani bila kuunganisha kipanya, printa wala ruta. Hakikisha swichi ndogo iliyo nyuma ya kasha iko upande wa I, kwani mara nyingine mtu huizima gizani akipapasa nyaya, halafu akasahau.

Ikigoma, chomoa tena waya na usogeze pua kwenye matundu ya nyuma. Harufu kali ya plastiki iliyoungua, ikitoka hapo, huelekeza lawama kwa pawa saplai, nayo hubadilishwa nzima. Usiifungue, maana kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Pasipo harufu, fungua kasha na utazame bodi umeme ukiwepo, bila kugusa kitu: baadhi ya bodi zina kijitaa ambacho huwaka hata kompyuta ikiwa imezimwa, na kikiwaka, angalau umeme kidogo unafika. Feni ikitikisika mara moja na kusimama, huenda kuna kifaa kilichopiga shoti, hivyo chomoa waya, ondoa kadi za ziada, kisha ujaribu tena. Feni zikizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi, zima, chomoa, toa vijiti vya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na uvirudishe kimoja kimoja mpaka visikike vikibana.

Kompyuta ikiwaka lakini mtandao wa waya ukakataa, yaelekea radi ilipitia ruta na kuunguza tundu la mtandao, na kadi ndogo ya mtandao inayochomekwa kwenye USB yatosha kuliziba pengo hilo.

Endapo yote yameshindikana, toa diski kabla ya kuipeleka kompyuta kwa fundi. Mara nyingi diski husalimika, na kwa kebo ya kuunganisha SATA (tundu la diski) na USB unaweza kunakili picha na nyaraka zako kwenye kompyuta nyingine jioni hiyohiyo.