Somo: Taa ya breki ikiwaka kwenye gari la zamani, usikimbilie kuongeza mafuta

Wakuu, leo ni zamu ya ile taa nyekundu ya duara lenye alama ya mshangao katikati. Ikiwaka, wengi wetu ama tunaizoea, ama tunaongeza mafuta ya breki mpaka izime. Mimi nilikuwa kundi la pili. Niliongeza mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila ilipozima nikajiona fundi. Kisha siku moja nakaribia kona, nakanyaga breki, kanyagio likazama mpaka chini. Niliokolewa na gia ndogo na breki ya mkono. Tulipofungua dramu ya nyuma kushoto, silinda ya gurudumu ilikuwa inavuja, vumbi la lining (kile kipande kinachosugua dramu) limekuwa tope jeusi, na tairi limelowa upande wa ndani. Kwa nje lilikuwa kavu kabisa, ndiyo maana sikuona kitu.

Mafuta ya breki hayatumiki yakaisha kama petroli. Yakipungua, ama yanavuja, ama pedi zimelika, pistoni zimesogea mbele na mafuta yamezifuata. Ukiongeza bila kujua ni lipi kati ya hayo, umezima taa tu.

Hatua ya 1. Washa swichi bila kupiga stata. Kwenye magari mengi taa zote za tahadhari huwaka kidogo. Ya breki isipowaka kabisa, balbu imeungua au kuna mtu aliichomoa kabla hajakuuzia gari. Hutokea.

Hatua ya 2. Breki ya mkono. Shusha mpini mpaka mwisho, kisha uusukume tena kwa nguvu. Swichi yake hujaa vumbi au hukaa vibaya.

Hatua ya 3. Simamisha gari mahali tambarare, fungua boneti, angalia kikopo cha mafuta ya breki. Kiwango kiwe kati ya MIN na MAX. Futa mfuniko kabla ya kuufungua, maana chembe ya mchanga ikiingia humo inatafuna mipira ya masta silinda, yaani pampu kuu ya breki. Kama taa huwaka kwenye kona au ukifunga breki halafu inazima, mafuta yapo mpakani na yanayumba, hivyo boya linashuka na kupanda. Kama yamejaa na taa bado inawaka, chomoa plagi ya swichi ya kikopo: kwenye magari mengi ya zamani, taa ikizima hapo, boya limekwama au swichi imekufa. Isipozima, rudi kwenye breki ya mkono na waya zake.

Hatua ya 4. Mafuta yamepungua? Pima unene wa pedi na lining kwanza. Zikiwa bado nene, tafuta uvujaji: upande wa ndani wa kila tairi, hosi za mpira, mabomba ya chuma yaliyoshika kutu, na pale masta silinda inapokutana na busta (kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako kwenye breki). Hapo huweza kuvujia ndani ya busta, chini usione hata tone.

Hatua ya 5. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu, kisha ulishikilie kwa nusu dakika. Likizama polepole, kuna uvujaji au mipira ya masta silinda imechoka. Ukiwa bado umelikanyaga, washa injini: linatakiwa kushuka kidogo. Huo ni msaada wa busta, usiogope. Likiwa laini kama sponji, kuna upepo kwenye mfumo.

Taa nyekundu pamoja na kanyagio laini au linaloshuka: gari halitoki hapo kwa magurudumu yake. Sina ubishi kwenye hili.

Taa ya njano ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukifunga breki) ni habari nyingine. Ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, ila matairi yanaweza kujifunga kwenye utelezi. Mara nyingi ni sensa ya gurudumu iliyojaa uchafu, waya uliokatika au fyuzi. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema na gari likageuka. Usiendeshe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, naweza kuchanganya mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4?
Zinachanganyika, lakini fuata kilichoandikwa kwenye mfuniko. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. DOT 5.1 si ya silikoni, majina tu yanachanganya watu. Oili ya injini au ya usukani usiweke hata tone, mipira yote itavimba. Na chupa iliyokaa wazi muda mrefu itupe, mafuta haya hunyonya unyevu. Ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi.

Kwangu taa ya breki na ya betri zinawaka pamoja, mafuta yamejaa. Nifanye nini?
Pima altaneta, ile inayochaji betri, kaka. Kwenye magari kadhaa ya zamani, chaji ikifa taa hizo mbili huwaka pamoja.

Nimefunga pedi mpya, nilipoirudisha pistoni nyuma mafuta yakamwagika juu. Nimeharibu?
Hapana, dada. Kuna mtu aliongeza mafuta pedi zikiwa zimelika, sasa yamekosa pa kwenda. Osha haraka kwa maji mengi kabla rangi ya gari haijababuka, punguza mpaka MAX, kisha kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka. Mara ya kwanza kanyagio litakwenda chini lote, usishtuke, ila usiligundue hilo ukiwa barabarani.

Fundi ameshauri tukate waya wa taa. Maoni?
Badilisha fundi.