Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurusha Ndege Ndogo Kutoka Mombasa

Mwanafunzi wa urubani anayejiandaa kuruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi aanze na hewa yenyewe, kabla hata hajaigusa ndege. Uwanja huo uko takriban mita 60 tu juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo wengi hudhani hewa yake ni nzito wakati wote. Mchana wa kaskazi, joto likifika nyuzi 32, ndege hufanya kazi kana kwamba iko kwenye kimo cha zaidi ya futi 2,000. Unyevu huzidisha hali hiyo, kwa kuwa mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, ingawa mwili uliolowa jasho humwambia mtu kinyume. Injini hupungukiwa nguvu, na umbali wa kukimbia ardhini hurefuka, ilhali kipimamwendo huonyesha mwendo uleule wa kuruka. Umbali huo ukokotolewe kwa majedwali ya ndege husika, hasa kama atatua Ukunda, uwanja mdogo wa pwani ya kusini, ambako njia ya kurukia na kutua ni fupi zaidi.

Mizigo ipimwe na ipangwe, kwani uzito ukirundikana nyuma ndege hupoteza utulivu.

Viungo vya uongozaji visikaguliwe kwa kutikiswa tu. Usukani ukizungushwa kushoto, elironi, yaani kibao kinachocheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, ya bawa la kushoto ipande na ya kulia ishuke. Ukivutwa nyuma, eleveta, yaani kibao cha mkiani kinachoinua au kushusha pua, ipande. Ndege iliyotoka kwa mafundi, ambao huenda wamefungua nyaya zake, istahili ukaguzi huo mara mbili.

Jambo linalohitaji kufikiriwa kwa kirefu zaidi ni stoli. Bawa hupoteza uinuaji pale pembe kati yake na hewa inayolijia inapozidi kikomo, ambacho kwa ndege nyingi ndogo ni karibu nyuzi 15 hadi 18, hata kama mwendo ni mkubwa. Ndege ikilazwa upande kwa nyuzi 60 katika mzunguko usiopoteza kimo, mbawa hubeba uzito maradufu, na mwendo wa stoli hupanda kwa takriban asilimia 41. Sasa tuchukue siku ya kusi, upepo ukitoka nyuzi 160 za dira, na rubani anatua kwenye njia ya 21, inayoelekea takriban nyuzi 210, kwa mzunguko wa kushoto, yaani akiuzunguka uwanja kwa kona za kushoto. Kabla ya kona ya mwisho upepo huo humsukuma kutoka nyuma, naye hujikuta amepitiliza mstari wa njia. Kishawishi ni kukanyaga pedali ya kushoto ya usukani wa mkia ili pua igeuke haraka huku akivuta usukani, na hapo ndipo bawa la ndani hutangulia kuingia kwenye stoli, ndege ikaanza kuzunguka ikianguka, karibu mno na ardhi kuweza kuokolewa. Uamuzi ufanywe kabla ya kuwasha injini: kona hiyo ianze mapema, ndege isilazwe zaidi ya nyuzi 30, na akipitiliza mstari aongeze nguvu, apande, aarifu mnara na kurudia mzunguko.