Bagamoyo: anza na soko la samaki

Ukienda Bagamoyo kwa siku moja, usianzie makumbusho. Fika mapema, nenda moja kwa moja ufukweni kwenye soko la samaki, karibu na gofu la forodha ya Wajerumani. Vyombo vikishashusha, mnada unaendeshwa pale pale: changu, vibua na pweza wanatandazwa, dalali anapandisha bei, na kufumba na kufumbua fungu limeshapata mwenyewe. Raha tupu kutazama! Ila simama pembeni, wapishe wachukuzi, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Watu wako kazini.

Jua likianza kuchoma, ingia Mji Mkongwe. Boma la Wajerumani halitakuchukua muda mrefu. Muda mwingi uupe misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kusafirishwa Uingereza.

Magofu ya Kaole, ya zamani kuliko wakoloni wote hao, yako kilomita chache kusini. Chukua bodaboda au bajaji, na mpatane kabisa nauli ya kwenda na kurudi, dereva akusubiri.