Kabla ya kuvuta nyaya za boila ya gesi, amua nani anatoa amri

Mafundi wengi wakifungua kifuniko cha boila na kuona safu ya terminali, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye bisibisi. Mimi naanza na karatasi na swali moja: katika jengo hili, nani anaamua maji yatoke na joto gani? Likishajibiwa, utajua nyaya zipi zinahitajika na zipi hazina kazi. Bila jibu utafunga kila kitu kama mchoro unavyosema, na bado boila itawaka na kuzima usiku kucha.

Nazungumzia boila za majengo makubwa, zinazopasha maji yanayozunguka kuleta joto vyumbani na kurudi, zenye kichomeo kinachoweza kupandisha na kushusha nguvu chenyewe. Kazi ya gesi na ya umeme mkuu ni ya fundi mwenye leseni. Na mchoro uwe wa modeli ile ile iliyo mbele yako, kwani namba za terminali zinaweza kutofautiana hata kwa boila mbili za kampuni moja.

Njia rahisi ni ya washa-zima. Termostati au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inafunga mguso, yaani inaunganisha nyaya mbili, boila inawaka na kulenga joto ulilolipanga kwenye skrini yake. Mguso huu mara nyingi ni mkavu: boila yenyewe inatoa volti ndogo na kusubiri zirudi. Ukiupelekea volti 230 kutoka kwenye taimari, umeua bodi ya umeme ya boila. Kama kifaa chako kinatoa volti 230, weka rilei katikati, koili ilishwe na taimari na mguso wake mtupu ndio uende kwenye boila.

Siipendi njia hii kwa jengo kubwa, na sababu ni mbili. Joto linabaki pale pale, tuseme nyuzi 80, hata siku isiyo na baridi kali. Mvuke ulio ndani ya moshi wa gesi asilia huanza kugeuka maji na kuachia joto lake pale maji yanayorudi yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Maji yakirudi na nyuzi 65, joto hilo linapaa na bomba la moshi, ingawa boila ilinunuliwa kwa ajili ya kulivuna. Sababu ya pili ni nguvu ya chini ya kichomeo. Boila ya kilowati 100 inayoweza kushuka hadi moja ya tano haiendi chini ya kilowati 20. Jengo likihitaji kilowati 8, itawaka, itapita kiwango, itazima, na kurudia.

Pale ambapo hakuna mfumo mkuu wa kusimamia jengo, nachagua sensa ya nje. Boila inasoma baridi ya nje na kupanga joto la maji yenyewe. Mfano: nje kukiwa -5 maji yawe 75, nje kukiwa 15 maji yawe 35. Hapo nje imepanda nyuzi 20 na maji yameshuka 40, yaani kila nyuzi moja ya nje ni mbili za maji. Nje ikifika 5, boila italenga 55. Sensa iwekwe kwenye ukuta usiopigwa na jua, mbali na bomba la moshi, madirisha na matundu ya hewa. Usikubali iwekwe mahali pa karibu eti waya umepungua. Kila uamuzi wa boila utatokana na kile sensa inachokisoma. Ukiona vyumba vina joto la kutosha siku za baridi kali lakini vina baridi siku za kawaida, inua joto la maji upande wa 15, usiguse ule wa -5.

Sasa volti 0 hadi 10, njia inayoleta mabishano mengi kuliko zote. Volti hizo zinaweza kumaanisha joto au nguvu, na parameta moja (mpangilio unaouchagua kwenye menyu) ndani ya boila ndiyo inayoamua. Niliwahi kuitwa kwenye jengo la ofisi ambalo vyumba vilichemka asubuhi na kupoa mchana. Mfumo wa jengo ulikuwa unatuma asilimia ya nguvu: 80 kwa mia, volti 8. Boila ilikuwa inasoma joto, ikaelewa nyuzi 80. Mfumo ukishusha hadi 30 kwa mia, boila ikaelewa nyuzi 30, na kwa kuwa maji tayari yalikuwa moto kuliko hapo, ikazima kabisa. Nyaya zote zilikuwa sahihi. Kilichobadilishwa ni parameta tu.

Na kama mfumo wa jengo ndio unaotoa amri ya joto, zima hesabu ya sensa ya nje ndani ya boila. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Waya wa volti 0 hadi 10 una chanya na hasi. Tumia kebo yenye ngao, ngao iungwe na ethi upande mmoja tu, na kebo isilazwe pamoja na nyaya za pampu. Kisha agiza volti 5 kutoka kwenye mfumo na upime kwenye terminali za boila, siyo kwenye paneli. Waya huo ukikatika, boila inaona sifuri na kutulia kama vile hakuna anayehitaji joto, bila kengele yoyote. Ndiyo maana nasisitiza mfumo wa jengo upime joto la maji yanayotoka na kupiga kengele yasipofuata amri.

Boila zikiwa kadhaa, amri iende kwa ile kiongozi peke yake, na sensa ikae kwenye bomba la pamoja baada ya zote. Tangi la maji ya kuogea nalipa sensa yake na kipaumbele, likilenga nyuzi 60 kwa sababu ya bakteria wa Legionella.

Upande wa umeme mkuu, usibadilishe nafasi za laivu na nyutro, na ethi iwe imara. Boila hutambua mwali kwa mkondo mdogo sana, wa maikroampia, unaopita kwenye moto kwenda ethi. Nyaya zikigeuzwa, modeli nyingi zitawaka sekunde chache na kujifunga. Pampu kubwa usiilishe kutoka kwenye rilei ya bodi. Rilei iamuru kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, nayo ndiyo iwashe pampu.

Mnyororo wa usalama, yaani swichi ya maji kupungua, kikomo cha joto, swichi ya presha ya gesi, kitufe cha dharura, hauwekewi waya wa kuruka (wa kuipita swichi) hata kwa dakika moja ya majaribio. Fungua kila swichi kwa zamu na uthibitishe kwamba kichomeo kinazima.

Ukimaliza, bandika karatasi ndani ya mlango wa paneli: tarehe, njia ya amri iliyochaguliwa, volti moja ni nyuzi ngapi, na kila parameta uliyoigusa pamoja na thamani yake ya awali.