Umenunua Subaru WRX ya mtumba? Anza hivi kabla hujaikanyaga

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua Impreza WRX au STI ya kizazi cha GD, zile zilizotoka kiwandani kati ya 2000 na 2007, zenye injini ya EJ20 ya turbo. Ndizo zinazoingia kwa wingi gereji kwangu hapa Dar, nyingi zikiwa zimepita kwenye mikono ya watu watatu au wanne tangu zishuke meli. Mwenye Forester ya turbo ya miaka hiyo naye anaweza kufuata sehemu kubwa ya haya, maana injini ni ya ukoo mmoja.

Kijana akiniletea gari hili, swali lake la kwanza karibu siku zote ni ekzosi. La pili ni blow-off, ile valvu inayotoa pumzi ya turbo unapoachia pedali. Oili huwa haimo kwenye orodha. Mimi nampangia upya: tunaanza na kinachoua injini haraka kuliko vyote, kisha tunashuka. Chochote ambacho huna ushahidi kwamba kilibadilishwa, kichukulie kuwa hakijawahi kuguswa, hata kama aliyekuuzia alikuapia.

Hatua ya 1: Lisome gari kabla ya kushika spana

Fungua boneti, chukua tochi na kitambaa, ufute vumbi kwenye vifuniko vya plastiki vya mbele ya injini na upande wa chini wa boneti. Mafundi wa Japani wana tabia nzuri ya kubandika stika wakibadilisha mkanda wa taimingi: tarehe, na kilomita zilizosomeka siku ile. Nyingine, ya oili, hukaa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Usishangae ukikuta mwaka umeandikwa 25 au H25. Hiyo ni kalenda ya enzi ya Heisei. Jumlisha 1988 unapata 2013. Ukikuta R2, hiyo ni Reiwa, jumlisha 2018, yaani 2020.

Sasa linganisha kilomita za kwenye stika na za kwenye dashibodi. Stika ikisema 110,000 mwaka 2013 na dashibodi leo inasema 92,000, umeshajua mtu alirudisha kilomita nyuma. Kama unayo karatasi ya mnada ya gari, itazame pia: daraja la R au RA maana yake gari lilishapata ajali likatengenezwa. Si lazima likutie hofu, ila lipandishe kwenye lifti ukague chasisi na upangaji wa magurudumu kabla ya jambo lingine.

Hatua ya 2: Oili, leo hii, si wikiendi

Injini hizi hazivumilii kupungukiwa oili. Ikishuka, kinachoumia kwanza ni beringi za konrodi, na injini ikishaanza kugonga hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha. Zaidi ya hapo, turbo yenyewe inazungukia juu ya oili hiyo hiyo. Nyingi za injini hizi hula oili kidogo kidogo bila kutoa moshi unaoonekana, ndiyo maana mwenye gari anakuja kushtukia taa nyekundu ikiwa imewaka, na wakati huo tumeshachelewa.

Washa injini ipate uvuguvugu, zima, lipandishe gari kwa jeki, weka stendi. Narudia, weka stendi, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nati ya kumwagia oili inafunguka kwa spana namba 17. Hapa wageni wengi hukosea nati, maana giaboksi na difu la mbele nazo zina za kwao jirani kabisa. Oili ya injini iliyotumika hutoka nyeusi na nyepesi. Ikitoka nzito yenye harufu kali ya kiberiti, umefungua oili ya gia. Funga haraka.

Usiimwage oili ya zamani ovyo. Iache itulie kwenye beseni, kisha igeuzegeuze juani. Vumbi jeusi ni la kawaida. Ukiona vipande vinavyometameta vya rangi ya dhahabu au shaba, hiyo ni beringi inayolika. Kata na filta ya zamani uikunjue karatasi yake uhakikishe. Vikiwemo na humo, usiliwashe tena hilo gari. Livute hadi gereji. Kufungua injini mapema ni gharama, lakini konrodi ikitoboa bloku huna injini ya kufungua.

Kwenye filta mpya paka oili ule mpira wake, ukaze kwa mkono. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, maana mipira miwili ikikaliana itavuja oili yote barabarani. Nati ya chini ipe washa mpya. Jaza lita 4 kwanza, washa bila kugusa pedali mpaka taa ya oili izime, zima, subiri dakika kadhaa, pima, ongeza taratibu.

Kuhusu dipstiki ya Subaru: inasumbua kusoma. Upande mmoja utakuonyesha juu, mwingine chini. Pima asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa sehemu ya tambarare, na uamini upande unaosoma chini. Kati ya alama ya L na F kuna kama lita moja. Mimi nawaambia wateja wangu wapime kila wanapojaza mafuta, na chupa ya lita moja ikae kwenye buti daima.

Kitabu cha gari mara nyingi hutaja 5W-30. Kwa joto letu na injini yenye umri huu natumia 5W-40 ya sinthetiki, na namwaga kila kilomita 5,000, si 10,000 kama kwenye magari ya kawaida. Nunua duka unaloweza kurudi kulalamika. Na kama injini yako ni ya AVCS, yaani ina mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu, mwulize fundi akague kichujio kidogo cha waya kilichomo ndani ya bolti ya paipu inayopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba kwa masizi, turbo inakufa na kila mtu analaumu turbo.

Hatua ya 3: Mkanda wa taimingi

EJ20 ni injini ambayo mkanda ukikatika au kuruka meno, valvu hukutana na pistoni. Ina valvu 16. Ratiba ya kiwandani ni kilomita 100,000, lakini mkanda huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo kama hukukuta stika au stika ni ya zamani, badilisha. Badilisha na beringi zote unakopita mkanda, tenshena, pampu ya maji na sili za mbele. Ni kazi ile ile ya kufungua, na beringi kuukuu ikigoma huondoka na mkanda mpya.

Kazi hii sikushauri uanze nayo mwenyewe kama hujawahi. Lakini simama pale, na umtazame fundi kwenye mambo matatu. La kwanza: giya ya krenkishafti ina mshale, na ina mstari mdogo kwenye ukingo wa nyuma. Alama ya kupangia mkanda ni ule mstari. Fundi aliyezoea Toyota anaweza kufuata mshale, na hapo taimingi imeshapotea. La pili: kamshafti za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za valvu, mkanda ukitoka zinaweza kuruka zenyewe na valvu zikagongana, kwa hiyo zishikwe. La tatu: tenshena ibanwe polepole ikiwa imesimama wima, kwa dakika kadhaa, si kupigwa vaisi ikiwa imelala. Akimaliza, azungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama azikague upya kabla ya kugusa stata. Fundi mzuri hatakasirika ukimwuliza haya. Akikasirika, umeshapata jibu la swali jingine.

Hatua ya 4: Maji ya rejeta

Maji ya kisima ya Dar mengi yana chumvi, na injini hii ni ya alumini. Mwaga yaliyomo, suuza kwa maji safi hadi yatoke meupe, jaza kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na madini. Badilisha themostati na vifuniko pia.

Wengi hawajui kwamba gari hili lina vifuniko viwili: kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu, karibu na turbo. Kila kimoja kina presha yake, usivibadilishane. Unajazia kwenye lile tangi la juu, injini ikiwa ya baridi kabisa, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kidogo ili hewa ipate njia. Endelea kuongeza, washa hita ya ndani hadi mwisho, na uache injini ifike joto lake. Hita ikitoa hewa baridi wakati mshale wa joto uko katikati, bado kuna hewa imenasa.

Kisha kaa nalo likiunguruma mahali limesimama hadi feni ziwake. Ziko mbili. Kama moja haizunguki, utaligundua hilo saa kumi na moja jioni kwenye foleni ya Ubungo.

Sifa ya gasketi kuungua ambayo watu huibandika Subaru zote imetoka zaidi kwenye injini za lita 2.5 zisizo na turbo. EJ20 ya turbo nayo huweza kuunguza gasketi, hasa ikishawahi kuchemsha, lakini usikubali kufunguliwa hedi kabla maji hayajapimwa kama yana gesi inayotoka ndani ya silinda.

Hatua ya 5: Plagi na silinda ya nne

Plagi ziko ubavuni, si juu. Toa betri na tangi la maji ya waipa upande wa kushoto, na boksi la filta ya hewa upande wa kulia, upate nafasi ya mkono. Zifungue injini ikiwa ya baridi, zipange mezani kwa namba zake. Kulia, upande wa dereva, kuna silinda ya 1 na 3. Kushoto kuna 2 na 4.

Wakati plagi ziko nje, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwenye silinda zote nne. Ninayoiangalia kwanza ni ya nne, kule nyuma kushoto, kwa sababu ndiyo inayosifika kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi. Silinda tatu zikisoma karibu sawa na moja ikibaki nyuma, weka pembeni mipango yote ya mapambo.

Kinachovunja kingo hizo ni mlipuko usio na wakati wake ndani ya silinda, na mara nyingi chanzo ni petroli. Gari lililouzwa soko la Japani lilipangiwa petroli yao ya daraja la juu, ya oktani karibu 100. Ya kwetu ya kawaida iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari hujitahidi kuchelewesha cheche ya plagi, ila haina muujiza. Weka petroli yenye oktani kubwa kuliko zote unayoweza kuipata, usimruhusu mtu aongeze presha ya turbo, na usikanyage mpaka mwisho ukiwa gia ya tano na mzunguko uko chini. Shusha gia kwanza.

Hatua ya 6: Njia ya hewa, na hiyo blow-off yako

Kagua mipira yote ya kutoka turbo hadi kwenye intakula, kile kipoza hewa kilicho juu ya injini. Ufa mdogo unatosha kuifanya gari iwe nzito na inywe mafuta. Filta ya hewa iwe ya karatasi ya kawaida. Zile za kupakwa oili zinaweza kuchafua sensa ya hewa.

Blow-off inayotoa pumzi nje inapendeza masikioni, nakubali. Lakini hewa ile ilishapimwa na sensa, na petroli yake imeshamwagwa. Ukiitupa nje, injini inabaki na mafuta mengi kuliko hewa kila unapobadilisha gia. Rudisha ya kiwandani. Na ule mngurumo wa Subaru unaoupenda hautoki kwenye bomba la nyuma: unatokana na mabomba ya mwanzo kabisa ya ekzosi ambayo hayalingani urefu.

Hatua ya 7: Gia, breki, matairi

WRX ya gia tano haipendi kurushwa kutoka kwenye taa. Ya STI, ya gia sita, ni ngumu zaidi. Oili ya giaboksi ya manyuo ni moja na ya difu la mbele, 75W-90 ya GL-5. Difu la nyuma la WRX huchukua lita 0.8 tu. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, usije ukamwaga kisha ukashindwa kujaza.

Maji ya breki yawe DOT 4, yabadilishwe kila miaka miwili.

Matairi ndiyo yanayowaponza wengi, kwa sababu gari hili linasukuma magurudumu yote manne. Chukua futi ya kamba, ya fundi cherehani, uzungushe kila tairi katikati ya kashata zake. Tofauti ya mzunguko ikizidi milimita 6, difu la kati linafanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja, na litaungua. Kwa hiyo nunua manne kwa pamoja, aina moja, na uyahamishe mbele na nyuma kila unapomwaga oili mara ya pili. Lile tairi jembamba la akiba limeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, lakini wewe usilisafirie hata hivyo: nenda nalo taratibu hadi kwa fundi pancha wa karibu, na ufunge lako siku hiyo hiyo.