Mtoto wa wahamiaji anacheza beki: namna ya kumfikisha kwenye soka la kulipwa

Familia nyingi zilizohamia nchi nyingine zikiona mtoto anajua mpira, akili yote inakwenda kwenye mabao, maana straika ndo anaimbwa na straika ndo anauzwa ghali. Mimi nasema kama mtoto ni mtulivu, anapenda kukaba na haoni aibu kupiga kelele uwanjani, mwacheni acheze beki. Beki anachelewa kuiva, na huko kuchelewa kunaisaidia sana familia ambayo bado inahangaika na vibali, lugha na kodi ya nyumba, kwa sababu muda wa kupanga mambo unakuwepo.

Mchukulie beki Virgil van Dijk, mama yake ana asili ya Suriname, na Virgil mwenyewe alikuwa anaosha vyombo mgahawani huku yupo akademi ya Willem II, klabu ya Uholanzi, na timu ya taifa ya Uholanzi aliichezea mara ya kwanza 2015 akiwa tayari na miaka 24, halafu Januari 2018 Liverpool wakamnunua kwa pauni milioni 75. Kalidou Koulibaly naye, kazaliwa Ufaransa na wazazi wa Senegal, akademi ya Metz, klabu ya hukohuko Ufaransa, ilimrudisha nyumbani akiwa mdogo, akarudi kucheza timu ya mji wake wa Saint-Dié, halafu Metz ileile ikamchukua tena. Kwa hiyo mtoto akiachwa na akademi akiwa na miaka 14 au 15 msifunge kitabu. Tafuteni timu ya chini ambayo atacheza kila wiki, maana beki anajifunza kwa kucheza mechi, benchi la timu kubwa halimfundishi kitu.

Karatasi kabla ya viatu

Hapa ndo nitakaa muda mrefu kwa sababu ndo watoto wengi wanapokwama. Sheria ya FIFA inasema uhamisho wa kimataifa wa mchezaji ni kuanzia miaka 18. Kuna milango midogo: wazazi wakiwa wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, au uhamisho ndani ya Umoja wa Ulaya kwa walio kati ya miaka 16 na 18, au wanaoishi karibu na mpaka ndani ya kilomita 50, na wakimbizi nao wana utaratibu wao. Hata kama mtoto hajawahi kusajiliwa popote, akiwa si raia wa nchi hiyo usajili wake wa kwanza unaangaliwa vilevile, isipokuwa kama ameishi pale mfululizo angalau miaka 5.

Maana yake nini kwako mzazi? Weka faili. Cheti cha kuzaliwa, paspoti, kibali cha kuishi, mkataba wako wa kazi, barua za shule zinazoonyesha ameanza lini, yaani kila kitu kinachothibitisha kwamba mlihama kwa maisha yenu na mpira ukafuata baadaye. Na klabu ikija na ofa ya kumpa baba kazi ili mtoto aje, hiyo ni hatari, kwa sababu FIFA watauliza nani alihama kwa ajili ya nani. Barcelona walifungiwa kusajili kwa madirisha mawili, yaani vipindi viwili vya usajili, kwa makosa ya kusajili watoto, adhabu ilitoka 2014, na watoto waliohusika wakakaa bila kucheza mechi rasmi, na miezi ile ya utotoni hakuna wa kuwarudishia.

Uraia nao uombwe mapema, pale tu masharti yanapotimia. Alphonso Davies alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Buduburam huko Ghana, wazazi wake walikimbia vita Liberia, wakahamia Kanada akiwa na miaka 5. Uraia wa Kanada alipata Juni 2017 na mwezi huohuo akaichezea timu ya wakubwa ya taifa. Kipaji kilikuwepo tangu zamani, kilichokuwa kinasubiriwa ni karatasi tu. Huyo huyo Davies alianzia Edmonton kwenye programu ya bure iliyoitwa Free Footie, iliyosaidia watoto ambao wazazi hawawezi kulipia ada, vifaa na usafiri, kwa hiyo ulizeni shuleni na manispaa kama kuna kitu kama hicho, msione haya, vipo kwa ajili yenu.

Kingine, tunzeni historia ya usajili tangu mtoto anafikisha miaka 12. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Ile timu ndogo iliyompa jezi inaweza kupata hela nzuri, na wakijua kumbukumbu zipo wanakuwa na sababu ya kumtunza vizuri.

Ufundi wenyewe

Beki wa leo macho yanatangulia miguu. Mfundishe mtoto kuangalia nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, straika yuko wapi, mwenzake yuko wapi, nafasi iko wapi, halafu aangalie tena. Mwili ukae upande, asimkabili winga kifua wazi maana akipitwa hapo kugeuka ni sekunde nzima, na sekunde nzima ni bao. Amsukumize winga nje kwenye mstari, amuache umbali wa kama mkono mmoja, asubiri mguso mbaya ndo apore. Kulala chini iwe ya mwisho kabisa. Watoto wanapenda kuteleza kwa sababu watu wanashangilia, lakini beki aliyelala ni beki aliyetoka mchezoni.

Halafu mpira mguuni. Tangu 2019 sheria inaruhusu goli kiki, yaani mpira unaoanzishwa golini, kupokelewa ndani ya boksi, na tangu hapo namba 4 na namba 5, yaani mabeki wa kati, wanapokea pasi ya kipa huku straika anawakimbilia usoni. Beki asiye na kontroo siku hizi akademi kubwa hazimtaki hata awe na urefu wa mlingoti. Mguu wa kushoto ufanyiwe kazi kila siku, mabeki wa kati wa kushoto ni wachache na makocha wanawatafuta kwa tochi. Mazoezi hayahitaji gharama, ukuta na mpira vinatosha: piga, pokea kwa mguu wa mbali, geuka, piga tena.

Asikatae kubadilishiwa namba pia. Davies alikuwa winga, akafika Bayern Munich Januari 2019, msimu uliofuata mabeki wakaumia, David Alaba akasogezwa katikati, Davies akawekwa namba 3, yaani beki wa kushoto, na 2020 akabeba Ligi ya Mabingwa akiwa beki. Alaba mwenyewe ni mtoto wa Vienna, baba Mnigeria na mama Mfilipino, amecheza kiungo, pembeni na katikati, na kila namba aliyopewa ilimuongezea miaka kwenye mpira.

Vichwa taratibu kwa wadogo, Marekani wamekataza kabisa kupiga kichwa kwa walio chini ya miaka 11. Fundisha muda wa kuruka kwa mpira mwepesi, nguvu itakuja na umri.

Sauti sasa, hii watu wanaisahau. Beki anaona uwanja mzima kwa hiyo lazima aongee, na mtoto aliyehamia mara nyingi ananyamaza kwa sababu lugha bado. Akianza na maneno machache ya uwanjani, toka, geuka, muache, panda, yuko nyuma yako, akiyajua hayo kwa lugha ya pale na akayapiga kwa sauti, kocha anamuona kiongozi hata kama darasani bado anababaika. Nakuhakikishia hilo linabadilisha namna wenzake wanavyomchukulia.

Watu watakaokuja mlangoni

Mtoto akianza kung'ara watu wanakuja, wengine wazuri. Wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na kwa mtoto chini ya miaka 18 anatakiwa apate ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi kabla hata ya kuongea naye biashara. Mkataba wa uwakala kwa mchezaji hauzidi miaka 2. Ukiletewa wa miaka 5 ukataliwe hapo hapo. Anayeomba hela ya kumpeleka mtoto kwenye majaribio, mkimbie, klabu inayomtaka mchezaji haiombi familia ilipe. Na mkataba wa klabu kwa mwenye umri chini ya miaka 18 hauruhusiwi kuzidi miaka 3 kwa taratibu za FIFA. Kama lugha ya mkataba hamuielewi lipieni mwanasheria au mtafsiri asiye na uhusiano na klabu wala wakala, ni hela inayouma lakini msimtumie mtoto mwenyewe kuwatafsiria mkataba wake, huo ni mzigo mkubwa kwa kijana.

Akisajiliwa timu kubwa akapelekwa mkopo, yaani akachezee klabu nyingine kwa muda, mpeni moyo. Beki William Saliba, mtoto wa Bondy, kitongoji cha Paris, baba Mlebanoni mama Mkameruni, Arsenal walimnunua 2019 na akazunguka kwa mkopo Saint-Étienne, Nice na Marseille mpaka 2022 ndo akaanza kuwachezea kwenye ligi. Alirudi na mechi nyingi mwilini akaingia moja kwa moja kikosi cha kwanza.

Ubaguzi utakuwepo, tusidanganyane. Desemba 2018 Koulibaly akiwa na Napoli alizomewa kwa milio ya nyani uwanja wa San Siro, nyumbani kwa Inter Milan, akaishia kutolewa kwa kadi nyekundu kwa kumpigia mwamuzi makofi ya kejeli. Inter wakafungiwa kucheza na mashabiki mechi mbili, lakini yeye naye akafungiwa. Kwa hiyo mpangeni mapema nini cha kufanya: amwambie kapteni, kapteni amwambie refa, kuna utaratibu wa hatua tatu wa kusimamisha mechi, kisha kuahirisha kwa muda, kisha kuivunja. Baada ya mechi iandikwe ripoti siku hiyo hiyo. Na nyumbani msimwambie avumilie tu, msikilizeni.

Timu ya taifa

Mchezaji anaweza kuchezea nchi anayoishi, au nchi ya wazazi au babu na bibi, ila lazima awe raia wa nchi hiyo. Achraf Hakimi kazaliwa Madrid akachagua Moroko, na penalti iliyowatoa Hispania Kombe la Dunia 2022 aliipiga yeye. Haji Mnoga kazaliwa Portsmouth, akachezea timu ya vijana ya Uingereza, leo ni beki wa Tanzania. Ndugu wawili Boateng walikutana Kombe la Dunia 2010, Jérôme beki wa Ujerumani na Kevin-Prince upande wa Ghana, baba mmoja. Tangu 2020 sheria imelegezwa, aliyecheza mechi zisizozidi 3 za timu ya wakubwa, za mashindano au za kirafiki, kabla ya kufikisha miaka 21 anaweza kubadili, ila asiwe amecheza fainali za Kombe la Dunia au za bara, na miaka 3 iwe imepita tangu mechi yake ya mwisho. Mashirikisho yatapiga simu na ndugu watapiga simu, mwacheni kijana aamue bila kelele za ukoo.

Hela ya kwanza

Mshahara ukiingia simu zinaanza kutoka kila upande, na kijana aliyelelewa kusaidia hawezi kusema hapana. Wazazi ndo mseme kwa niaba yake. Wekeni kiasi maalum cha familia kila mwezi, kodi ya serikali itengwe kwanza, na mhasibu awe mtu wa nje ya ukoo. Shule isiachwe. Vincent Kompany, ambaye baba yake alitokea Kongo, alisoma shahada ya uzamili ya biashara Manchester akiwa bado nahodha wa Manchester City, na 2024 akawa kocha wa Bayern. Beki anayesoma mchezo ana nusu ya ukocha tayari, kwa hiyo akifika miaka 27 au 28 aulize chama cha mpira cha nchi yake kuhusu kozi za leseni na aanze ya chini kabisa akiwa bado anacheza, nyingi zinaweza kupangwa wakati wa mapumziko ya msimu.